Mkono wa Kushoto wa Babu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa yule mtafiti ni kwamba alilitazama koti la babu kwa ndani. Wengine wote waliowahi kuja kuona vitu vya babu walianzia nje, kwenye nyuzi za dhahabu na vifungo vinavyong'aa, wakasema kumbe ndilo hili, wakapiga picha, wakaondoka. Yeye alilipindua, akalilaza mezani, akainama pale kwapani ambapo jasho la miaka mingi limeacha doa la rangi ya chai. Alikaa na doa lile muda mrefu kuliko watu wengi wanavyokaa na mgonjwa. Kisha akaandika kwa penseli: koti la jukwaani, limefanya kazi sana.

Nilikuwa mlangoni na sinia mkononi. Nikajisemea, huyu hadanganyiki kirahisi. Nikaogopa.

Babu yangu, baba yake mama, alikuwa mwimbaji. Aliimba ule muziki wa soul, wa kuimba kama mtu anayeungama, na enzi zake watu walifunga maduka mapema ili wawahi viti. Walimwita Kifua, kwa sababu akifika kwenye neno linalouma alijipiga ngumi kifuani kama anayegonga mlango kwa mtu asiyetaka kufungua. Alitoa santuri kumi na moja. Wimbo wake uliovuma kuliko zote ni ule wa mtu aliyeachwa stesheni na mabegi mawili, na hata leo ukipigwa redioni dereva wa teksi hazimi gari mpaka uishe.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne, babu akanilea. Nikiwa darasa la tano akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakakatika. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa na kazi na watoto wake upande wa pili wa mji. Ikasemwa nikae na mzee kwa muda, mpaka apatikane mtu. Ule muda ukawa miaka sita. Mwishoni walimhamishia kwa mama mkubwa, kwenye chumba cha nyuma, na huko aliishi wiki kumi na moja tu. Maboksi yake yalihamia pamoja naye, na alipozikwa yalibaki, yakajaza kile chumba mpaka dirishani. Ndipo chuo kikuu na makumbusho walipomtuma yule mwanamke aje kuorodhesha kila kitu, kwa ajili ya kitabu na chumba cha maonyesho.

Mama mkubwa alimwita Mwalimu, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye glavu nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na utaratibu wake. Kila kitu alikitundikia kibandiko chenye namba, na kwenye orodha yake kulikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa "Nani anajua." Hakuandika jambo lolote kuhusu kitu chochote bila kuijaza ile safu. Ukimwambia kofia hii aliivaa bandarini, anakuuliza, nani anajua? Ukisema watu wanasema, anaacha wazi.

Mama mkubwa hakujua mengi. Alipokuwa mtoto baba yake alikuwa safarini, na alipokuwa mtu mzima baba yake alikuwa maarufu, kwa hiyo alikuwa kama sisi wote, alimjua kwa mabango. Mimi ndiye niliyejua, kwa kuwa nilikulia miguuni pake akinisimulia. Viatu vyeupe, kwa mfano, alivivaa usiku mmoja tu. Vilimbana, akavivua katikati ya wimbo, akaimba peku, watu wakadhani ndio mtindo mpya, na wiki iliyofuata vijana wakaenda dansini peku na kukanyagana vidole. Mwalimu alicheka mpaka miwani ikaanguka. Halafu akaandika kwenye safu ya mwisho: mjukuu. Baada ya siku tatu ile safu ilikuwa mjukuu, mjukuu, mjukuu, kutoka juu hadi chini, nami nilikuwa siwezi kuitazama bila kuona haya.

Siku moja nilijisahau. Alikuwa anasikiliza santuri ya saba, akashangaa kwa nini tarumbeta inaingia imechelewa. Nikamwambia yule mpiga tarumbeta alikuwa anaumwa jino, ameweka karafuu mdomoni, na hakutaka kuitema kwa kuwa ilikuwa ya mwisho. Akauliza babu alinisimulia lini. Nikasema zamani. Akasema, "Lakini mdogo wangu, jana uliniambia santuri hii mliipata miaka miwili iliyopita, mkaisikiliza kwa mara ya kwanza."

Nikajifanya nasikia sufuria inachemka jikoni.

Jumatano ndiyo siku alipolipata daftari. Lilikuwa kwenye boksi la karatasi za hospitali, kati ya picha za mifupa na vyeti vya dawa. Daftari la hesabu, lenye miraba, jalada limelowa maji na jina limefutika. Kurasa za mbele zilikuwa zimechanwa. Zilizobaki zilijaa mistari mifupi, herufi kubwa kubwa zilizopinda, nyingine zimeandikwa mara mbili pale kalamu ilipokataa. Mwalimu alisoma ukurasa mmoja amesimama, wa pili amekaa, wa tatu akavua miwani. Akamwita mama mkubwa.

Alituambia kwamba haya ni maneno ya nyimbo. Nyimbo ishirini na tatu ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, kwa hiyo mzee alijifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinayumba kama mtoto anayejifunza kutembea. Kwa miaka sita watu walidhani amenyamaza, kumbe anaandika. Alituonyesha:

*Mguu huu si wangu,*
*ni wa jirani, ameusahau hapa.*
*Akija kuuchukua*
*mwambie nimeutunza.*

"Jirani ni mauti," Mwalimu akasema taratibu.

Jirani alikuwa mshona nguo wa mlango wa pili, aliyekuja kila Ijumaa kumnyoa babu na kusahau vitu, leo wembe, kesho kofia. Lakini sikusema. Akatusomea nyingine, ya supu isiyo na chumvi na daktari asiye na huruma, nani kamfundisha mwenzake, akasema hapa chumvi ni utamu wa maisha. Chumvi ilikuwa chumvi. Alipofika kwenye "fungua dirisha, mke mdogo, nimechoka kunusa dawa," akasita, akamuuliza mama mkubwa kwa adabu kama marehemu alikuwa na mke mwingine. Mama mkubwa aliyekuwa analia akacheka machozi yakimtoka. "Mke mdogo si huyu hapa," akanisukuma bega. "Babu na mjukuu wake. Alikuwa ananiambia mimi nimezeeka, nimpishe mwenzangu."

Halafu Mwalimu akafungua ukurasa wa mwisho:

*Msinibebe kama gunia.*
*Mimi nina mlango wangu,*
*nina ukuta unaonijua.*
*Acheni nizimike hapa hapa*
*taa ilipowashwa.*

Mama mkubwa aliuchukua ule ukurasa akaulalia kwa paji la uso. Alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba baba yake alikuwa anaongea na Mungu wake. Jioni ile aliwapigia simu wajomba mmoja mmoja. Nilimsikia sebuleni akisoma yale maneno kwa sauti, ya kwanza mpaka ya mwisho, na kila alipofika kwenye gunia sauti ilimkatika. Mwalimu kwenye orodha yake aliandika: daftari, mkono wa marehemu mwenyewe. Kwenye safu ya nani anajua akaandika: mwandiko. Alisema ataliweka chini ya kioo, peke yake, katikati ya chumba, na ukutani pataandikwa kwamba kwa miaka sita Kifua hakutoa sauti, lakini mkono wake uliimba. Gari la makumbusho lingekuja Ijumaa.

Daftari lilikuwa langu. Lilikuwa la hesabu, darasa la tano, na kurasa za mbele nilizichana mwenyewe kwa sababu ya makosa mekundu. Babu hakuandika hata herufi moja. Aliimba.

Nililijua hilo mwezi wa pili baada ya kiharusi. Daktari alikuwa ametuambia maneno hayatarudi, na kwamba pengine hata anachoambiwa hakielewi chote. Ukimuuliza kitu anatoa "na, na, na," kisha anageukia ukuta kwa aibu. Asubuhi moja nilikuwa nadeki, nikawa navumisha wimbo wa stesheni puani, bila maneno. Nikakosea. Kutoka kitandani ikaja sauti, imepasuka upande mmoja kama debe, lakini iko sawasawa kwenye mdundo, ikaimba mstari mzima wa mtu aliyeachwa na mabegi mawili. Nikadondosha tambara. Babu mwenyewe alikuwa ameshtuka kuliko mimi. Alijaribu kusema jambo, ikatoka na, na, na. Nikavumisha tena, naye akaingia, na safari hii akabadilisha maneno: chai yangu imepoa, mke mdogo, nani kaizuia njiani.

Ndivyo tulivyoishi. Maneno yake yalikuwa yamefungiwa mahali, na muziki ulikuwa mlango wa nyuma. Lakini mlango wenyewe hakuweza kuufungua peke yake. Ilikuwa lazima mtu amwanzishie. Mimi navumisha noti tatu, nne, naye anadandia kama mtu anayeshikwa mkono kuvuka barabara. Nikikosa kuanza, hawezi. Aliniomba maji kwa wimbo wa mapenzi na sufuria ya kukojolea kwa wimbo wa maombolezo. Tulicheka sana kwenye nyumba ile. Alinisimulia mambo ya wapiga tarumbeta na ya mama yangu alipokuwa mdogo, yote kwa kuimba, na yale yaliyonifurahisha nikayaandika kwenye daftari ili kesho nimsomee. Alipenda kusomewa. Alikuwa anapiga tiki hewani kwa kidole cha kushoto, kama mwalimu.

Nilitaka kuwaambia wengine siku ile ile ya kwanza. Yeye ndiye aliyekataa. Aliniimbia nisiseme, watamtafutia jukwaa na kiti cha magurudumu, watu waje kumsikiliza debe linavyolia. "Wamwache Kifua pale walipomwacha," aliimba. Basi nikanyamaza, na kunyamaza si kazi ngumu kwangu. Tangu utotoni mgeni akija najificha nyuma ya mlango. Mama mkubwa alikuwa na msemo wake, kwamba nikipotea sokoni nitapotea moja kwa moja, kwa sababu siwezi kumwuliza mtu njia.

Usiku wa Jumatano na siku nzima ya Alhamisi nilibeba jambo lile kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Nikinyamaza, daftari litakwenda chini ya kioo, mama mkubwa atafarijika, na hakuna atakayeumia. Lakini ukutani wataandika kwamba babu hakutoa sauti. Watoto wa shule watapita pale wasome hivyo. Na sauti ile ya debe, ambayo mimi peke yangu nimeisikia, itakuwa haijawahi kuwepo duniani.

Ijumaa asubuhi Mwalimu alikuwa na haraka. Vibandiko vya viatu na kofia vilikuwa havijaandikwa, akanipa penseli, akaniomba nimsaidie. Nikasema mwandiko wangu mbaya. Akasema mbaya unasomeka. Nilishika penseli. Nilijua siwezi kumwambia. Nilikuwa nimejaribu jikoni, peke yangu, na hata kwa sufuria sikuweza kusema. Basi nikavuta kibandiko cha viatu vyeupe, nikaandika polepole, kwa mkono wangu wa kulia: *Mguu huu si wangu, ni wa jirani.*

Nikamsogezea.

Alikitazama. Akachukua daftari, akaliweka kando ya kibandiko. Akatazama huku, akatazama kule. Nilisikia gari likirudi nyuma uani, dereva akipigiwa makofi ya kuelekezwa. Mwalimu hakukasirika. Ilikuwa afadhali angekasirika. Alivua glavu zote mbili, akaketi juu ya boksi, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani anajua maneno haya yalitoka wapi?"

"Mimi."

"Yalitoka wapi, mdogo wangu?"

"Mdomoni mwake. Alikuwa anaimba."

Nikamweleza. Jambo lilitoka vipande vipande, la mwisho kwanza, lakini lilitoka, la noti tatu, la chai, la mshona nguo. Nilikuwa nimeinamia viatu, kwa hiyo sikumwona mama mkubwa mpaka niliposikia kitasa. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika funguo za uani. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani.

Hapa inabidi niseme kuhusu ile Jumamosi, mwaka juzi, walipoamua kumhamisha. Mama mkubwa hakuwa na nia mbaya. Nyumba ya babu ilikuwa na ngazi, paa linavuja, na mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane ninayembeba peke yangu. Alikuja na wajomba wawili, wakakaa sebuleni kumzunguka. Mama mkubwa alipiga magoti mbele ya kiti chake, akamshika mkono, akamwambia wanataka aje akae kwake, atamtunza, je, anakubali? Alimwuliza mara tatu. Babu hakutoa hata ile na, na, na yake. Mjomba mkubwa akasema mzee kunyamaza ndiyo kukubali, na kwamba toka lini Kifua akashindwa kukataa asichokitaka. Wakacheka kidogo. Jumatatu likaja gari. Walimbeba kwenye ngazi wakiwa wanne, wamemfunga kwa shuka.

Sasa mama mkubwa aliingia chumbani, akachukua daftari kutoka kwa Mwalimu, akafungua ukurasa wa mwisho. Mwalimu akainuka ili atupishe, mama mkubwa akamzuia kwa mkono.

"Kwa hiyo alikuwa anaelewa," akasema.

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Kila kitu."

"Ndiyo."

"Na hii ya gunia. Mwanangu, nitazame. Hii aliiimba lini?"

Nilimtazama. Alikuwa amezeeka tangu wakati ule. Kwa wiki kumi na moja alimlisha baba yake kwa kijiko, akamgeuza kila saa mbili, akalala sakafuni pembeni ya kitanda, na mwanamke aliyenitazama alikuwa na kitu kimoja tu cha kumfariji, kwamba alimwuliza baba yake, na baba yake alikubali.

"Zamani," nikasema. "Alipotoka hospitali. Alikuwa anawasema manesi."

"Na ile Jumamosi nilipomwuliza?"

"Ile Jumamosi hakuimba."

Alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, akanivuta kichwa akakiweka begani kwake. Alisema afadhali, afadhali, mara nyingi sana. Mwalimu alikuwa ametazama pembeni. Baadaye alifuta kwa ufutio yale aliyoandika kwenye orodha, akaandika upya: daftari la mjukuu, maneno ya marehemu kama alivyoyaimba. Kwenye safu ya mwisho aliandika mjukuu. Aliniuliza kama kuna zaidi ninalotaka kuliweka. Nikasema hakuna. Alinitazama vile alivyolitazama lile koti, lakini hakuniuliza tena.

Kuna zaidi.

Mama mkubwa, ile ya gunia aliiimba Ijumaa, siku moja kabla hamjaja. Alikuwa amekusikia kwenye simu ukiniambia mnakuja kumchukua. Aliimba mara nne ili niiandike vizuri, na akaniambia kesho nimwanzishie mbele yenu, hata kama mtasikia debe, awaimbie mwenyewe. Nikamwahidi. Ulipopiga magoti ukamwuliza, hakuwa amenyamaza. Alifungua mdomo akanitazama. Ulipomwuliza mara ya pili alinitazama. Mara ya tatu alinitazama, na jasho lilikuwa linamtiririka, alikuwa anasubiri noti tatu tu. Wajomba walikuwa wamekaa, chumba kimejaa, na macho yote yangegeuka kwangu. Mimi nikaangalia sakafu. Hakukubali, mama mkubwa. Alikuwa ananisubiri mimi nianze, na mimi niliona haya.